Nilimsemea Fundi wa Vyerehani Vyetu

Usinitafutie jina, mwenzangu, halitakusaidia kitu. Hapa Kasulu watu bado wanabishana ni nani aliyemsemea Fundi Evarist, hadi wamemsingizia dada wa watu anayeuza vitenge. Ni mimi! Nimechoka kunyamaza.

Mimi ni mshonaji. Tulikuwa akina mama saba tunashonea kwenye baraza moja sokoni. Evarist alikuwa Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu mzima mpole, anakuja Jumatatu na Alhamisi na mfuko wake wa bisibisi. Kibali cha kutoka kambini hakuwa nacho. Sote tulijua, tukanyamaza.

Maana tungefanyaje bila yeye? Cherehani kikianza kuruka mishono, anatega sikio, anazungusha gurudumu mara mbili, anakwambia kinaumwa wapi. Fundi mwingine wa kazi hiyo mpaka Kigoma mjini.

Shida ilianza kwaya moja ya Kibondo ilipokuja kutafuta wa kuwashonea sare. Moyoni nilishajua kazi ni yangu. Kumbe wameliona gauni ambalo Evarist alimshonea mkewe, maana kushona pia alijua! Wakampa yeye.

Wivu jamani! Nikajisemea, huyu si raia, anakujaje kula kwenye sahani yangu? Na babu yangu mzaa baba aliingia nchi hii kwa miguu akitokea huko huko Burundi, mkeka kichwani. Nililijua hilo vizuri. Nikaenda kumnong'oneza mgambo.

Walikuja Alhamisi asubuhi. Yebaba we! Walimkuta amefungua cherehani changu mimi, vyuma vyote vimetandazwa kwenye gunia. Kilikuwa kimegoma, nikampa mwenyewe, sikudhani watakuja upesi vile.

Akawaambia, "Wakubwa, niacheni kwanza nimrudishie huyu mama mashini yake. Nikiiacha hivi, hakuna wa kuifunga."

Wakamsubiri. Alirudisha skrubu moja moja bila haraka, akakijaribu kwenye kipande cha kitambaa, akanisogezea. "Iko bien, mama. Shona tu."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema asante. Nikamwangalia akipandishwa gari, nikasema asante!

Baada ya hapo vyerehani vilianza kufa kimoja kimoja. Mwenzetu mmoja alipakia chake kwenye basi hadi Kigoma, kikarudi kibovu kuliko kilivyokwenda. Watatu wamerudi Heru Juu kulima mihogo, na mikono yao ilivyokuwa hodari! Aliyekuwa akituuzia nyuzi na vifungo amefunga kibanda, maana atamuuzia nani? Wazazi siku hizi wananunua sare za shule zilizokwisha kushonwa, zinaletwa na malori. Barazani nimebaki peke yangu. Changu kinashona bado, na kila nikikanyaga pedali roho inaniuma.

Mwishowe nikapanda bodaboda hadi kambini kumwomba radhi. Nilikuta nyumba yao imebomolewa, yamebaki matofali na majani.

Jirani yake, mama mmoja wa Kirundi, akanitazama sana. "Tangu wamrudishe hapa na kumkataza kutoka alikuwa anakaa tu, mikono mashavuni," akasema. "Mtu wa kazi akikosa kazi anakufa angali hai. Akajiandikisha kurudi Burundi. Mabasi yamepita mpakani Manyovu, hatujasikia habari yake tena."

Nikageuka niondoke. Akaniita. "Weye ndiwe mama wa mashini ya mwisho? Alisema ukija nikuambie, mkanda wake usiukaze sana, utakatika."

Nililia palepale mbele ya watoto wa watu. Alijuaje kwamba nitakuja? Alijua ni mimi? Sijui, na sitajua.

Padri ameniambia Mungu amenisamehe. Sawa, namwamini padri. Lakini mimi sikumkosea Mungu peke yake, na nafuu siioni.

Wewe unayesoma, naye yupo fundi wako mahali, wa viatu, wa baiskeli, wa redio, hana leseni wala kibali, na umeanza kumtazama kwa jicho baya. Funga mdomo wako! Nilidhani namwondoa mtu mmoja, kumbe nimelivunja baraza zima. Na usijidanganye kwamba utakuja kutubu baadaye. Radhi ina mwenyewe, na mwenyewe akishavuka mpaka, utamwomba nani?