Kava la Gari la Mwalimu Taratibu

Wateja wake walimwita Kiguu na Njia, naye hakukasirika, maana jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, lakini hata akiwa kitini mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia mlangoni. Akimaliza pindo moja huinuka kwenda kutazama maji jikoni. Akirudi hukumbuka uzi. Akienda kununua uzi hupita njia ndefu, kisha hurudi akilalamika kwamba siku hazina urefu. Watani wake walisema mtu huyu siku ya kuzikwa itabidi awekwe wima.

Siku hizo alihangaika kupita kawaida yake, na kilichomhangaisha kilikuwa kava la gari.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yake. Lilikuwa dogo, jeupe la zamani, na juu ya paa lilibeba kibao cha kuwaonya watu kwamba anayeendesha bado anajifunza. Madereva wengi wa mji ule walilipitia hilo, au yale yaliyolitangulia. Mzee alikaa kiti cha pembeni, akiwa na breki yake ya pili chini ya miguu, na kila aliyeshika usukani, awe hakimu au mpishi, aliambiwa neno lile lile kwa sauti ile ile: taratibu, taratibu. Jina likamganda. Hata wajukuu walimwita Mwalimu Taratibu.

Asubuhi moja kiharusi kilimwangusha bafuni. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, kisha vikaanza kurudi kwa kusuasua, kama watoto walioitwa kuoga. Ulimi ulirudi wote, na nyongeza juu. Kitu kimoja tu hakikurudi, na daktari aliwaambia watoto wawili wa mzee wakiwa wamesimama ukumbini hospitalini. Macho yenyewe ni mazima, alisema, lakini kilichoko upande wa kulia hakimfikii tena mzee, na mwenyewe hatambui kwamba hakimfikii. Asiendeshe tena. Kaka mtu, ambaye ndiye mkubwa, alisema hilo waachiwe wanaume. Atamwambia baba mwenyewe wakati ukifika. Akapanda basi akarudi mjini kwake, na huo wakati ukawa haufiki.

Gari likabaki uani, juani, chini ya waya ambao ndege waliufanya baraza lao. Rangi ya boneti ikaanza kubabuka. Kila asubuhi mzee alitoka na fimbo yake, akakaa kibarazani kulitazama, na vidole vya mkono mzima vikawa vinapiga ngoma kwenye paja bila kupumzika. Mwishowe akatoa amri linunuliwe kava. Liwe jepesi, la kuvuliwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mwezi ujao anatoka nalo. Kaka aliposikia habari hiyo kwa simu akasema la, linunuliwe zito, la kufunika mpaka kwenye matairi, na betri itolewe kabisa, kwani gari likitunzwa hivyo siku moja atapatikana wa kulichukua.

Kila mmoja alikuwa amesema lake. Kiguu na Njia akabaki njia panda, yeye ambaye hakuna njia iliyomshinda. Alijua kava lolote atakaloingia nalo langoni ndilo litakalosema. Akija na zito, baba ataisoma hukumu ya daktari kwenye mikunjo yake. Akija na jepesi, atakuwa amemdanganya mzazi, na siku moja mzazi huyo atalivuta kwa mkono mmoja, atie ufunguo, atoke.

Duka la makava lilikuwa kati ya fundi betri na muuza matairi yaliyotumika. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, maneno yake yalikuwa mengi kuliko bidhaa, na mtaa mzima ulimwita Mjomba. Akamtandikia kila alichokuwa nacho. Kiguu na Njia ni mtu wa vitambaa, kwa hiyo hakusikiliza sifa; alisugua kwa kidole gumba, akavuta mishono, akakiinua kila kitambaa kwenye mwanga. La nailoni ya rangi ya fedha lilizuia maji, lakini lilimkumbusha makoti ya mvua ya watoto wa shule, nje makavu, ndani jasho. Mjomba akakiri kwamba ndivyo. Gari likifunikwa hivyo likiwa na umande, kutu hulila kimyakimya. La pamba lilikuwa laini na lilipumua, ila likinyeshewa huwa zito kama mtoto aliyelala. Lile zito hasa lilikuwa la matabaka, ndani flana, ubavuni vidirisha vya hewa, na kamba za kupitisha chini ya tumbo la gari. Lolote atakalochukua, Mjomba alionya, gari lioshwe kwanza, maana vumbi likibaki chini ya kava na upepo ukavuma, ni kama kulipiga msasa mwenyewe kwa mkono wako.

Alivyoona mteja anashika hili anaacha, anashika lile anaacha, akaegemea meza.

"Dada, watu huchagua mchumba haraka kuliko hivi, na mchumba harudishwi dukani. Niambie kitu kimoja tu nikusaidie. Gari litalala kwa muda gani? La kulala usiku likaamka asubuhi lina kava lake. La kulala mwaka lina lake."

"Sijui, mjomba."

"Basi kamuulize mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye hajui zaidi."

Mjomba alicheka peke yake, kisha akaona mwenzake hacheki, akaanza kukunja makava yake.

Akatoka mikono mitupu. Akarudi siku nyingine, akatoka vile vile. Safari iliyofuata Mjomba alimwambia alete vipimo, na asisahau kile kibao cha juu, kwa kuwa kitatoboa kitambaa chochote. Ama king'olewe, ama kava lishonewe nundu. Aliporudi nyumbani na habari hiyo, pamoja na za makava yote, mzee alisema kabla ya kung'oa kibao waanze na meno yake.

Jumamosi baada ya chakula akatoka uani na utepe wake wa kupimia. Baba yake akasogezewa kiti karibu ili asimamie. Akasimamia kweli. Utepe umelegea. Bampa imesahauliwa. Huyu anapima gari au anapima sketi? Yeye alijibu kwamba sketi zina adabu, hukaa kimya zikipimwa. Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, upande uliobaki na nguvu.

Ili akunje kioo cha ubavuni ilibidi afungue mlango, na mgongo ulikuwa unamuuma, akakaa kwenye kiti cha dereva kupumzika kidogo. Mara ya mwisho kukaa pale alikuwa msichana wa miaka ishirini. Baba alikuwa anamfundisha, na katika barabara moja fupi alimkanyagia breki mara nyingi hata akateremka, akaacha mlango wazi, akaenda nyumbani kwa miguu. Hapo ndipo alipopewa lile jina lake. Watu wengi wa mji walifundishwa na baba yake; yeye alibaki mtembea kwa miguu, na jambo hilo halikuzungumzwa tena mezani.

"Sogeza kiti mbele," baba alisema.

Alidhani ni utani. Lakini mzee alikuwa ameshainuka, anazunguka gari kwa fimbo. Akafungua mlango wa pili, akajitupa kitini, akaushika mguu wa kulia kwa mkono kama mtu anayepakia mzigo, akauingiza ndani. Kisha mguu wa kushoto ukajiendea wenyewe mpaka kwenye breki yake, ukatulia hapo.

"Mguu wa kazi ni huu. Washa."

"Baba, mimi sijui kuendesha."

"Ndiyo maana mimi nina kazi."

Angeweza kukataa. Lakini vidole vya baba yake, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, havikuwa vinapiga ngoma. Nyuma ya nyumba yao, mbele ya maghala, kulikuwa na uwanja wa udongo usio na mtu siku za mapumziko. Akajisemea ni kufika hapo tu na kurudi. Gari likazimika, likazimika tena, kisha likakubali. Mzee hakumcheka. Alisema klachi haipigwi teke, huachiwa kama mtu anavyouachia mkono wa mgonjwa. Akasema asitazame boneti, atazame anakokwenda. Walizunguka uwanja, wakazunguka tena, na hakumkanyagia breki hata mara moja. Binti aliona kifua chake kinafunguka, akaona kwamba miaka yote hii miguu ilikuwa inakitafuta kitu hiki, kwenda huku umekaa. Akaingiza gia ya pili bila kuambiwa.

Hapo mwanamume mmoja alikuwa anauvuka uwanja na mkokoteni wa madumu, akitokea upande wa kulia. Alikuwa mbali, na hakuwa na haraka. Kiguu na Njia alimwona, akangoja mguu wa baba. Mwalimu wa nusu ya mji hawezi kukosa kuona mkokoteni. Mzee alikuwa anaendelea kueleza habari za gia, sauti imetulia, uso wake umeelekea mbele. Mkokoteni ukakaribia. Mguu wa baba haukusogea.

Akakanyaga breki yeye mwenyewe, kwa nguvu zote. Gari likaruka likazimika. Madumu yakapita mbele ya kioo, karibu kiasi cha kuona nyufa zake, na mwenye mkokoteni akawarushia neno zito akaenda zake.

Ndipo mzee alipogeuza shingo, akauona mgongo wa yule mtu.

"Huyu ametokea wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mdogo na wa huruma: ametokea ghafla. Ungemaliza jambo lile pale pale. Angeweza kurudi nao nyumbani, na wiki ijayo akarudi nao dukani kwa Mjomba, na kuendelea hivyo.

"Alikuwepo tangu tulipopinda kule mwisho, baba. Alikuwa upande wako wa kulia muda wote."

 Mzee alitazama mbele, kisha akageuza kichwa kulia, akakirudisha, akakigeuza tena. Baadaye aliuondoa mguu wa kushoto juu ya breki, akauvuta nyuma mpaka chini ya kiti.

"Daktari alisema?"

"Alisema."

"Na kaka yako anajua."

"Anajua. Alisema atakuambia wakati ukifika."

"Haya. Washa, turudi. Usiitafute gia, iko pale pale ulipoiacha."

Walipofika uani hakutaka kuteremka. Aliomba simu. Kaka alipopokea, alianza na salamu za kawaida, habari za hali ya hewa na za kazi, na mzee akamwacha amalize.

"Mwanangu," alisema, "upande wa kulia sioni. Nimekuambia mimi, usihangaike tena kutafuta wakati."

Kutoka upande wa pili sauti ya kaka ikaja, ndogo, ikiuliza basi gari lifanyweje, wanunue lile zito? Mzee akajibu kwamba kava zito litamvunja dada yake mikono kulivua kila asubuhi kabla ya somo. Wachukue la pamba. Na huyo muuzaji ashone nundu ya kibao, maana mwanafunzi yupo, na ni mwanafunzi mkaidi, anaingiza gia bila ruhusa. Akakata simu akamrudishia binti yake.

Yeye alikuwa ameshashuka, amesimama, hajui aupeleke wapi mwili wake. Alitaka kulia, akatafuta utepe. Akapima kibao, akasahau kipimo, akapima tena. Baba yake alimwambia, bila ukali, aende dukani kabla Mjomba hajafunga, kwani jioni mawingu yanaweza kushuka, na aliache gari kama lilivyo, ataliosha akirudi.

Akachukua kanga yake akaelekea langoni. Pale akageuka nyuma, kwa kuwa hakuwahi kutoka mahali bila kugeuka. Mzee alikuwa ameteremka mwenyewe, amesimama ubavuni mwa gari kwa fimbo, uso ameuelekeza ukutani, gari likiwa kulia kwake, na alikuwa anageuza shingo polepole kuelekea kulia, kidogo, halafu kidogo tena, akitafuta pale ambapo gari linaanza kuonekana.