Abiria wa Mchanga

Shomari wa pampu alikuwa mtu wa mzaha, na hakuna mkazi wa Tabora wa miaka ile asiyelijua hilo. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mwenye pengo la mbele na kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Aliletwa huku na tajiri mmoja wa Kihindi, yeye akiwa taniboi, msaidizi wa dereva wa gari lake. Na gari lenyewe halikuwa gari la mchezo. Lilitoka kiwanda kimoja cha Uingereza kinachotengeneza magari ya wakubwa. Jina lake tuliache, wenyewe wapo. Lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa, taa zake za shaba, la kuwashwa kwa hendeli, na Shomari alilisugua kila asubuhi mpaka akajiona usoni mwake. Tajiri akafa, gari likauzwa Nairobi, Shomari akabaki. Akapata kazi ya kuzungusha pampu ya petroli karibu na stesheni, akaoa, akazaa, akawa mtu wa hapa hapa. Ila kwa Wanyamwezi alibaki mtani, na utani haufutiki.

Asiyejua utani atadhani ni matusi. Si matusi. Enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba pembe kwenda pwani, wengine walifia njiani Uzaramo, na wenzao walikuwa na mizigo kichwani na safari haingoji. Aliyebaki kuwazika ni Mzaramo. Basi mtu atakayekuchimbia kaburi ana haki ya kukucheka ungali hai. Atakuvua kofia mbele ya wakwe zako. Ukifa atakuja msibani, alale pale ulipolazwa, amwige mjane wako anavyolia, na watu watacheka huku machozi yanawatoka. Ukimkasirikia, mkosaji ni wewe.

Na Shomari, Mungu amrehemu, hakuwa na kiasi. Mtani wake mkubwa alikuwa Modest Masolwa, dereva, mkazi wa Cheyo, mtu mrefu mpole wa kwenda misa kila Jumapili. Siku moja Shomari alimjia huku analia, kamasi zinamtoka, akamwambia mjomba wake wa Lusu amefariki. Akaapa na kuapa. Maskini Modest akakamata baiskeli, akafika Lusu hoi, akamkuta mjomba anakunywa pombe ya mtama na hana hata mafua. Aliporudi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hilo unalisema baada ya usaha kutoka, si kabla.

Mwaka wa hamsini na tatu, kiangazi kikiwa kinaelekea mwisho, akaja Mzungu mmoja injinia, Bwana Hadley, na treni yake ikateremsha magari mawili ya ajabu. Yalitoka kiwanda kile kile cha gari la Mhindi. Lakini haya hayakuwa na rangi wala nembo puani, na hayakuwa na jina. Bwana Hadley, ambaye Kiswahili alikuwa akikijua vizuri tu, alieleza kwamba ni magari ya majaribio, bodi zake zimegongwa kwa mkono, na duniani kote hakuna mengine. Hayauzwi. Yanajaribiwa kwenye njia mbaya, lile litakalosalimika lioneshwe London kwenye maonyesho, halafu yavunjwe, ndipo yatengenezwe ya kuuza. Shomari aliposikia yatavunjwa aliumia moyoni, maana ndani mlikuwa na ngozi laini na mbao za kung'aa ambazo hata altare ya kanisa haikuwa nazo.

Jambo moja tu lilimtia kinyaa. Magari hayo hayakuruhusiwa kubeba mtu zaidi ya dereva na Bwana mwenyewe. Penye viti vya nyuma yalikalishwa magunia ya mchanga, yamefungwa mikanda kifuani, uzito wa watu wazima. Ukilitazama gari likipita katikati ya vumbi, unaona wanaume wasio na vichwa wamekaa kwa adabu, wanapelekwa. Wanawake wa sokoni waligeuza nyuso. Shomari naye akaliita gari la maiti, kwa mzaha, na watu wakacheka, na jina likashika.

Gari moja alipewa Anton, Mfipa mgeni asiye na ndugu hapa mjini, akawa anakwenda nalo Kaliua, ile njia ya zamani ya kuelekea Ujiji. La pili alipewa Modest, njia ya Nzega. Kila asubuhi Modest alisimama penye pampu, Bwana Hadley ubavuni kwake na daftari la vipimo mapajani, na Shomari akazungusha mkono wa pampu akisema, "Mtani, leo utafia wapi? Niambie nikaazime jembe." Modest akajibu, "Jembe jiazimie mwenyewe, mimi huku nimekalia ngozi." Basi maisha yakaenda.

Jumanne moja adhuhuri Shomari alivuka reli kwenda kupokea mapipa ya petroli. Treni ya bidhaa kutoka Kigoma ilikuwa imesimama, na katika behewa moja lisilo na paa palikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Mchochea makaa wa ile treni alikuwa anakunywa maji. Shomari akamuuliza ni mzigo gani ule.

"Gari la kizungu," akasema yule bwana. "Limepinduka karibu na Kaliua. Dereva wake tumemwacha wanamzika pale misheni. Anton sijui nani."

Shomari alipanda, akainua turubai. Lile gari zuri lilikuwa limekunjamana. Chuma kinachoshika gurudumu la mbele kilikatika katikati, na gurudumu lenyewe limelazwa ndani. Magunia yamepasuka, mchanga umejaa penye kiti cha dereva, na mchanga ule ulikuwa umeloa na kukauka mweusi. Aligusa, akautoa mkono haraka.

"Shomari, funika," sauti ikasema kutoka chini. Ni Bwana Hadley.

Alifunika, akashuka. "Bwana, Anton..."

"Anton alikuwa amelewa."

Anton hakuwa mnywaji, na wote wawili walilijua hilo. Bwana Hadley alikuwa amekonda usoni ghafla, macho mekundu kama mtu aliyekesha, lakini alisema polepole kwamba gari la pili lazima limalize safari zake kabla mvua hazijaharibu barabara, kiwanda kinangoja, na ole wake mtu atakayetangaza uongo mjini. Treni ikapiga honi ikaondoka kwenda Dodoma na behewa lake. Na Modest alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa barabarani Nzega, peke yake na magunia, maana asubuhi ile Bwana hakupanda. Penye kiti cha Bwana pia palikuwa na gunia, na Shomari ndipo alipolielewa gunia lile: Bwana alikuwa ameshajua tangu asubuhi. Akakaa juu ya reli.

Jioni alikwenda Cheyo mbio. Alimkuta Modest ameketi uani salama, ananawa, na mkewe Tekla anasonga ugali. Shomari akajikuta analia, analia kweli kweli, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Anton kafa, chuma kimekatika, hilo lako ni pacha wa lile, usipande, nakuomba kwa Mungu usipande.

Modest alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akajipiga paja.

"Tekla, njoo umwone mtani. Leo kaja kuniua mwenyewe, mjomba hakumtosha."

"Wallahi, Modest."

"Hata la mjomba ulisema wallahi."

"Nimeuona mchanga wenye damu! Nimeushika kwa mkono huu!"

"Unaendelea kunoga," alisema Modest, naye akafuta machozi ya kicheko. Tekla akaleta maji katika kata, akasema, "Shemeji Shomari, kunywa kwanza, koo litakukauka kwa kulia bure."

Afanye nini? Akilia, mtani huwa analia. Akiapa, mtani huwa anaapa. Akikaa kimya wanamwuliza kama ameishiwa. Angemwonesha gari, lakini gari limekwenda na treni. Aliondoka pale, na nyuma yake alisikia Modest anamwigizia mkewe jinsi yeye alivyolia, na wote wawili wanacheka. Ilimuuma hata akatamani kurudi ampige.

Ndipo likamjia wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya. Neno la heri kwa Modest halisadikiki likitoka kinywani mwake. Je, neno la shari? Alfajiri, kabla Modest hajaamka, aliuingiza uani kwake mkebe wa petroli, akaufunika majani nyuma ya kibanda cha kuku. Halafu akaenda kwa Bwana Hadley, akasema dereva wako ni mwizi, ananyonya petroli ya kiwanda, nenda nyumbani kwake utaikuta.

Bwana Hadley alimtazama, na Shomari akaona kwamba ameelewa kila kitu. "Madereva wapo wengi, Shomari," akasema. Hayo tu. Shomari hakuyatilia maanani. Alichotaka ni Modest atoke kwenye gari lile, na gari likikosa dereva lilale.

Mkebe ukaonekana. Polisi hawakuitwa, Bwana hakutaka kelele. Modest alifukuzwa mbele ya majirani, Tekla amejifunika uso kwa khanga, na mtu mmoja akatema mate. Modest alimwona Shomari amesimama nyuma ya watu, akamfuata.

"Mtani, huu ni utani?"

"Si utani," Shomari akajibu.

Hilo Modest alilisadiki papo hapo. Jamani, dunia! Alimwangalia kama unavyoangalia nyoka ndani ya kitanda cha mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango. Shomari alirudi kazini moyo unamuuma, lakini alijiambia angalau rafiki yake yu hai, hata akimchukia mpaka kiyama.

Jua halijapanda sana, gari lile likaja likasimama penye pampu. Nyuma ya usukani alikaa Silasi, Muha mmoja dereva wa malori ya pamba, kijana mtaratibu, mume wa Paskazia anayeuza vitumbua karibu na stesheni. Amevaa shati jeupe. Ubavuni kwake gunia, nyuma yake magunia. Bwana Hadley alikuja kwa miguu, akasimama hatua chache kutoka pale, akawasha kiko.

Shomari alishika mkono wa pampu, akazungusha. Petroli ikapanda ndani ya chupa, ikashuka, ikapanda tena. Hakuwahi kuona inajaa upesi namna ile.

Silasi akatoa kichwa dirishani. "Shikamoo, kaka. Wewe magari haya umeyazoea tangu la yule Mhindi. Hebu niambie, hili lina neno? Maana watu wanalisema vibaya."

Silasi hakuwa mtani wake. Hawakuwahi kutaniana hata siku moja. Neno moja tu lingetosha, na Silasi angeteremka akaenda zake nyumbani. Shomari aliinua macho, akakutana na ya Bwana Hadley. Akisema, ule mkebe wa Cheyo utaulizwa umetoka wapi, na jela ataingia yeye. Akisema, Modest ataitwa tena, asafishwe jina, akabidhiwe usukani, naye atashukuru na kupanda. Yote mawili yalipita kichwani mwake, na lipi lilitangulia ndilo lililomtesa hadi uzeeni.

"Marahaba," alisema. "Halina neno."

"Ahsante, kaka," akajibu Silasi, akaondoa gari taratibu kama mtu mwenye kuogopa kulichafua.

Lilipinduka kwenye mteremko wa kuingia bonde la Igombe. Gurudumu la mbele lilitangulia peke yake mpaka majini. Maiti ya Silasi ilipoletwa ilikuwa nzito kwa mchanga.

Matanga yalikuwa nyumbani kwa Silasi, nyuma ya soko. Shomari alikwenda, akakaa mkekani mwisho wa wanaume, na mtu akamwekea bakuli la ugali na maharage. Hakuwa amekula tangu jana. Ndipo Modest alipoingia. Alikuwa ameshasikia habari za Anton, zimeletwa na abiria wa Kaliua, na alipozijumlisha na zile za Igombe akajua. Mtu yule alimwendea Shomari moja kwa moja, akapiga magoti, akamkumbatia kichwa.

"Huyu kaniokoa!" akawaambia watu kwa sauti, analia. "Aliniambia nisipande, nikamcheka. Akaona heri niitwe mwizi kuliko nife. Mtani wangu huyu alijua, jamani, alijua!"

Shomari alimvuta mkono anyamaze. Modest hakunyamaza, alisema tena, na tena, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa roho yake, mpaka chumba cha wanawake kikawa kimya na pazia likafunguliwa.

Paskazia alitoka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alikuja akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Shemeji, kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Na Silasi hakukuuliza? Mume wangu hapandi hata baiskeli ya mtu kabla hajauliza."

Modest alikuwa bado amemshika bega. Watu wote walikuwa wanamtazama Shomari, na wengine walianza kutabasamu kidogo, kama walivyozoea, wakingoja atakalosema.

"Aliniuliza," akasema Shomari.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia halina neno."

Mkono wa Modest ukaondoka begani. Paskazia alilichukua bakuli lililokuwa mbele ya Shomari, akainuka nalo, akaingia ndani.