Siku Nyepesi na Siku Nzito za Kinyozi

Wateja wa mume wangu wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaoapa kwamba ni mcheshi ajabu, na wako wanaosema ana majivuno kama mwenye mtaa wake. Hubishana wao kwa wao barabarani, na wote kawanyoa yeye.

Kibanda chake cha kunyolea kimeshikana na nyumba yetu. Pazia moja tu linatenga kiti cha wateja na sebule. Kwa hiyo mimi hujua siku itakavyokuwa kabla mteja wa kwanza hajaketi. Akiwasha mashine huku anapiga mluzi, siku ni nyepesi: atauliza habari za watoto, atamtania mwenye kipara kwamba amekuja kupunga upepo tu. Akizima taa ya juu ya kioo na kuchukua mkasi, ni nzito. Siku hiyo mlio wa mashine, anasema, unamwingia kwenye meno. Atanyoa kwa mkasi na kitana mpaka jioni, vizuri vilevile, ila neno usitegemee. Salamu atajibu kwa kichwa, ukiwa na bahati.

Kwa miaka mingi tuliiita "hali yake" tukaishi nayo. Binti yetu ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa daktari, wakarudi na neno usonji. Mimi nikabisha. Nilidhani usonji ni wa watoto, na tena mtu aliyenichekesha jana kutwa, leo ana usonji gani? Kumbe daktari alishawajibu hilo. Usonji wake uko palepale kila siku. Kinachopanda na kushuka ni nguvu za kuubeba. Usingizi mbaya unazila nguvu hizo, kelele zinazila, jambo la ghafla linazila. Hata kucheka na watu siku nzima kunazila, na asubuhi yake ndipo utakapoona.

Jirani wa mlango wa pili hakuridhika. "Anajifanya huyo," aliniambia. "Mbona jana aliweza?"

"Wewe jana kichwa kilikuuma, leo umepona," nikamjibu. "Sasa ulijifanya siku ipi?"

Hakunisemesha tena mpaka alipoishiwa chumvi.

Basi binti yetu akapata mchumba. Baba wa huyo kijana ni seremala, mtu mpole mwenye sauti nzito, akaja kunyoa ili atuone kidogo kabla ya mambo rasmi. Ilikuwa siku nyepesi kupita zote. Mume wangu alimweleza jinsi nywele zinavyolala kwa mkondo wake kama nyuzi za ubao, na ukienda kinyume unaharibu, na seremala akachangamka kwa furaha kana kwamba amekutana na mtu wa kwao. Walicheka mpaka waliokuwa wakingoja foleni wakanuna. Tukapatana kesho yake waje nyumbani, yeye na mkewe na kijana.

Asubuhi ya ugeni, fundi aliamkia juu ya paa la jirani anapigilia mabati. Mume wangu hakuwa amelala. Wageni nao wakafika mapema kuliko tulivyopatana, tena wameongozana na shangazi ambaye hatukuambiwa, shangazi wa kucheka huku anapiga makofi. Nilimtazama mume wangu akijikaza. Alikuwa anasugua kidole gumba kwa cha shahada, haraka haraka. Akatoa salamu akiwa ameliangalia zulia, akakaa kidogo, akasimama, akapita pazia kwenda kibandani. Hakurudi.

Sebule ikapoa. Seremala akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama," akaniambia, "kama mmebadili mawazo juu ya vijana hawa, semeni tu, hatutagombana. Jana nilikaa na ndugu yangu hapa. Leo nimenyimwa hata uso."

Uongo wangu ulikuwa mdomoni tayari, ule wa kila siku, kwamba tumbo linamsumbua. Binti yangu akanishika goti.

"Mama, usiseme tumbo."

Akamgeukia mzee. Sauti hakuishusha. "Baba ana usonji. Mwanao anajua, nilimwomba aniache niseme mwenyewe. Jana ulimkuta siku nyepesi, leo ni nzito. Hajakukataa. Amechoka mpaka maneno hayatoki. Na mimi sitakuwa namficha baba yangu kila mkija. Kama hilo ni tatizo, bora nijue leo."

Seremala akauliza, "Sasa yeye hasa ni yupi, wa jana au wa leo?"

"Wote wawili ni yeye."

Mzee alinitazama mimi. "Nikienda kule nitamsumbua?"

"Ukinyamaza, hapana," nikasema.

Akaenda. Sisi tukabaki tunatazamana na biskuti. Niliposhindwa kuvumilia nikafunua pembe ya pazia. Seremala alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono magotini, mdomo kafumba. Mume wangu alikuwa amempa mgongo, anasugua vitana kwenye beseni la maji ya sabuni. Baada ya muda, bila kugeuka, alisukuma beseni kwa mguu mpaka katikati yao, akaweka brashi ya pili ukingoni. Seremala akakunja mikono ya shati lake la ugeni, akaanza kusugua.

Vitana viliisha vyote. Mzee alirudi sebuleni na mikono inanuka sabuni. Mkewe akamuuliza, "Amesemaje?"

"Hajasema kitu." Akakaa, akamtazama binti yangu. "Mwanangu, siku ya harusi ikiangukia nzito, babako atafanyaje?"

Binti yangu akajibu, "Atatoka nje akakae peke yake, mbali na ngoma."

Seremala akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mwanawe. "Nikumbushe. Siku hiyo tuweke viti viwili nje."