Macho Yaliyonichelewesha Darasani

Harufu ya masizi ya mafuta ya mbarika ilinifikia kabla ya mwanga, kwa kuwa macho yangu yaliamka yamegandana. Kule Jilore, nyanya yetu, tuliyemwita Hawe, aliyalowesha kwa maji ya vuguvugu hadi yafunguke, kisha akatupaka wanja wa masizi hayo wajukuu wote, mimi nikizidishiwa kwa sababu ndiye niliyeugua. Kiangazi kizima cha mwaka wangu wa kumi niliketi nyuma ya mlango, kanga usoni, mwanga ukiniwasha kama pilipili, huku wenzangu wakipita na madaftari yao. "Wee popo! Hata leo hutoki?" Nami nilitaka shule kuliko chakula! Kila Januari mwalimu alinirudisha nyumbani, akihofia nitawaambukiza wengine.

Mwezi wa Machi Hawe alinipeleka zahanati. Tabibu alizikunjua kope zangu, akaguna.

"Shikamoo, bibi. Umempaka nini huyu?"

"Marahaba, baba. Wanja. Si ndiyo dawa?"

"Na kijiti cha wanja ni chake peke yake?"

"Chake vipi? Ni cha wajukuu wote. Kwangu hatubaguani!"

Tabibu alicheka, kisha akamweleza kwa upole kwamba kijiti hicho ndicho kilichoyarudishia macho yangu ugonjwa kila yalipokaribia kupona. Akatupatia marhamu ya macho. Tulipofika nyumbani, Hawe alikitia kijiti motoni mbele yetu sote, akamgawia kila mjukuu kitambaa chake cha uso.

Loo, asubuhi ile kope zilipofunguka zenyewe! Nilikimbia uani kutazama kuku, moshi, mihindi, kila kitu kikiwa na kingo zake. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Mei, Hawe alinishika mkono mpaka kwa mwalimu. "Mkague. Ukimrudisha leo, tafuta sababu nyingine." Nikaingia darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati, mrefu kuliko wote, nikichekelea tu.

Leo mimi ni mjane, naishi Muyeye, na nasema kwa fahari kwamba marehemu mume wangu hakuwahi kunisomea karatasi hata moja. Mimi ndiye niliyemsomea. Februari hii mjukuu wangu wa miaka saba alivimba macho. Jumatatu alitibiwa, Alhamisi alirudi darasani, akilalamika kwa machozi kwamba amepitwa na masomo ya siku tatu. Katika umri huo, mimi kengele ya shule niliisikia kwa mbali tu. Nilicheka kwa furaha hata jirani akabisha hodi kuuliza kuna harusi ya nani.