Mkaa wa Kwetu

Mjukuu wangu Twalib alizaliwa miguu yake ikiwa tayari safarini. Mkunga alimlaza juu ya kanga, akageuka kuchukua maji ya moto, kugeuka tena mtoto yuko kizingitini anachungulia njia. Huyo mkunga ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye kubisha abishane na mie. Kitovu kilipokatika nilikizika kwa mikono yangu nyuma ya nyumba, hapa hapa Madale, enzi hizo kilima kizima kina moshi wa majiko machache na ngiri wanakuja kupiga hodi. Nikapanda mkorosho juu yake. Nilidhani mtoto atatulia kama mti. Uliotulia ni mti.

Alipokua akawa tingo, msaidizi wa dereva, kwenye lori la saruji. Lori linapakia Wazo, kwenye kiwanda hapo chini yetu, kisha linapanda bara: Njombe, Makete, Sumbawanga, Bukoba. Siku moja kule Makete ukungu ukafunika njia yote. Dereva wake, Brightson, akazima injini maana alikuwa haoni hata pua ya gari lake. Kwa jinsi nilivyosimuliwa, na kidogo nimeongeza, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Twalib alitundika shati lake bichi hewani na likakaa. Pembeni ya barabara palikuwa na magunia ya mkaa, mwenyewe haonekani. Twalib akaokota kipande kilichodondoka, akachana mfuko wa saruji uliopasuka, akaanza kuchora. Brightson akautazama mfuko, akatazama nje, akautazama tena.

"Sasa mbona kwenye karatasi naiona njia, na nje siioni?" akauliza.

Basi Twalib akawa ameshapatikana. Kila safari anarudi na picha, na baadaye akaacha mifuko akahamia kwenye karatasi za manila. Alinieleza kwamba ukungu hauchorwi. Unapaka mkaa kwanza, karatasi yote iwe kama usiku, halafu ukungu unaufuta. Anafutia kiini cha mkate, anakifinyanga kama kidonge, anasugua polepole, mara unaona mlima umeanza kutoka kwenye giza unapiga miayo. Akimaliza anapulizia spre ya nywele ili mkaa usiondoke. Mkewe Raudha akawa analalamika kuwa nyumba hii mkate unaliwa na picha, na spre ananunua yeye lakini wanaopendeza ni milima ya watu.

Na alikuwa na sharti lake. Kila mahali anapachora kwa mkaa wa pale pale. Dirishani kwake yamepangwa makopo ya maziwa ya unga: hili mkaa wa Lushoto, hili wa Njombe, hili wa Bukoba. Nikamwuliza, mkaa si mkaa tu?

"Ukungu wa Lushoto ukiuchora kwa mkaa wa Kisarawe unakataa, Bibi. Unajikunja."

Nilimwacha. Mie nimeshawaambia watu makubwa kuliko hayo na wakanipa chai.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kwenye picha zake kulikuwa na barabara, madaraja, migomba, nguzo za umeme zinazoishia hewani, lakini mtu hata mmoja hakuna. Nikamwuliza kama huko bara watu wote wamekufa. Akasema wamo, wako ndani ya ukungu.

Msidhani ni mapenzi ya bibi tu yanayosema. Jirani yangu Mwalimu Auleria, mtu wa Bukoba, mwanamke mkavu asiyecheka hata kwenye harusi yake, alikuja kuazima chungio akaikuta picha ya Bukoba inakauka ukutani. Alisimama pale chungio liko mkononi. Kisha akamwuliza Twalib, kwa sauti ya darasani kabisa, nani alimruhusu kuingia shambani kwa mama yake Mwalimu alfajiri bila kubisha hodi. Aliondoka na picha, chungio akalisahau. Tangu hapo ndipo watu wenye magari wakaanza kupanda kilima chetu kuulizia nyumba ya mchoraji.

Lakini kopo likiisha, na Twalib anaisha. Mkaa ukibaki vumbi, magoti yake yanaanza. Anakaa, anainuka, anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, anakwenda getini kutazama nani anabisha hodi wakati hakuna aliyebisha. Kuku wangu walikuwa wakimwona wanahama wenyewe. Akisikia honi ya lori bondeni, anageuza shingo kama aliyeitwa na mamaye. Kesho yake hayupo. Anarudi baada ya wiki na wiki, ndevu zimemjaa, mfukoni kipande cha mkaa kimefungwa kwenye leso kama dhahabu.

Raudha tulimtoa Kinyerezi, karibu na ile mitambo ya gesi. Kwa kuwa Twalib ni mume wangu kwa utani, Raudha ni mke mwenzangu, na siku ya kwanza tu nilimpa lake: ametoka kwenye gesi kaletwa kwenye mkaa. Akanijibu kuwa mkaa anaujua kuliko huyo mume wetu, maana babake aliuchoma miaka mingi huko porini Kisarawe kabla hawajahamia mjini. Nikampenda hapo hapo.

Mimba yake ilipokuwa kubwa, alisema neno moja. Tulikuwa tunaosha vyombo, Twalib amekaa kwenye ngazi anatingisha goti.

"Ukipanda lori tena kabla sijajifungua, ukirudi utanikuta Kinyerezi kwa mama," Raudha akasema, wala hakupandisha sauti. "Mtoto atazaliwa huko, na kitovu chake kitazikwa huko."

Goti la Twalib likasimama. Mie mwenyewe sufuria ilinitoka. Maana mtoto ukishamzikia kitovu mahali, ndiko kwao huko. Hata akija kwako kila Idi, anakuja kama mgeni.

Twalib akaapa haendi. Nami nakiri kwamba alijitahidi. Alikaa, akawa anachora kwa alichonacho. Kopo la Lushoto likaisha, la Njombe likaisha. Mwisho likabaki la Bukoba, nalo alilitumia kwa kulidonoa, mpaka kikabaki kipande kama jino la mtoto. Magoti yakaanza. Usingizi ukamkimbia, mkate ukawa unaota ukungu wake wenyewe mezani.

Raudha akamwambia achore hapa. Kilima si kipo, bonde si lipo, na asubuhi za Julai si anaona mwenyewe lilivyofunikwa? Twalib akasema anaona, ila atapachora kwa mkaa gani? Mkaa wote wa Dar ni mgeni. Ukienda kwa muuzaji yeyote ukamwuliza, huu umetoka Handeni, huu Rufiji, huu Kilosa.

"Kwetu hakuna mkaa," akasema, na alisema kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayesema kwetu hakuna maji.

Raudha akaingia ndani.

Ndipo Brightson akapiga simu. Kuna mzigo wa Ludewa, milimani, ambako ukungu unapanda kutoka ziwani kama maziwa yanayofurika. Twalib hakumwambia mtu, lakini viatu vyake vilisema. Jioni vilikuwa uvunguni. Asubuhi vimehamia mlangoni. Akatuaga kwamba anakwenda Wazo kumsalimia Brightson tu, lori liko kwenye foleni ya kupakia, litaondoka jioni. Mtu anakwenda kumsalimia rafiki yake na begi mgongoni.

Raudha alimtazama mpaka akakata kona. Kisha akanijia jikoni.

"Bibi, kitovu chake ulikizika wapi?"

"Pale. Chini ya mkorosho."

"Na lile tawi lililokatika masika, ni la mkorosho huo huo?"

"Mti gani mwingine unaouona?"

Alifunga kanga kiunoni, juu ya tumbo lile, akaenda kuchukua jembe. Tawi lilikuwa limelala nyuma ya banda la kuku, limeshakauka. Kulipasua nililipasua mie, na mgongo huu huu, shoka moja likavunjika nikamalizia kwa macho. Raudha akapanga magogo kama alivyomwona babake akipanga, makubwa katikati, membamba pembeni, akafunika kwa majani, akafunika kwa udongo mbichi, akaacha tundu. Akawasha. Moshi uliotoka hapo ulikuwa mweupe na mnene, ukapanda kidogo, ukaona uvivu, ukaanza kuteremka bondeni.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mfaume, akaja anakohoa. Akaniamkia, kisha akauliza kulikoni, huku ni makazi ya watu, majirani wanalalamika. Nikamwambia tunamfukiza jini aliyekataa kuhama, na kwamba ameshatoka mlangoni ila anauliza nyumba ya mjumbe iko wapi. Mfaume akaniaga kwa adabu.

Twalib alikuwa chini barabarani, amekalia begi lake, lori limeshapakiwa. Huko ndiko alikoinua macho akaona moshi umeshuka kutoka usawa wa kwetu. Alikimbia kilima kile chote. Bodaboda aliyempisha anasema alipitwa na mwanamume na kiatu kimoja, na kiatu cha pili kikamfuata nyuma. Alipofika uwanjani hakuwa na pumzi ya kusema.

Raudha alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, kando ya tanuri, kijiti mkononi. Hakugeuka.

"Nini kinaungua?" Twalib akauliza.

"Tawi la mkorosho wako."

Akautazama mti, akanitazama mie. Nikamwambia hakuna shoka lililougusa mti wake, tawi ulilidondosha wenyewe.

"Ulisema kwetu hakuna mkaa," Raudha akasema. "Huu utaiva kesho asubuhi. Lori linaondoka leo. Nguo zangu nimeshazifunga, ziko kitandani. Wewe niambie, nizifungue au nizibebe."

Honi ikalia bondeni. Twalib akaenda getini. Akarudi. Akaenda tena. Mie niliomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Raudha hakumwita wala hakumzuia, alikuwa anatazama tanuri lake tu. Honi ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja.

Basi tanuri likapasuka ufa upande wa pili, upande ambao Raudha na tumbo lake asingefika. Nayo hewa ikiingia ndani, huna mkaa, una majivu. Moshi ukageuka rangi.

"Pameachia," Raudha akasema. Hakumwambia mtu.

Twalib alitupa begi. Akachota udongo kwa viganja, akaziba. Ufa mwingine ukafunguka juu, akaziba. Mwingine huku, akaruka huku. Mwenye kuchoma mkaa hakai, nyie. Tanuri linataka mtu wa kulizunguka, kunusa, kugusa, kuziba, kuzunguka tena mpaka kuche. Nikamwona anazunguka na matope mpaka viwikoni, na nilikuwa sijawahi kumwona mjukuu wangu akitembea kiasi kile bila kwenda popote. Lori liliondoka. Sote tulilisikia likibadilisha gia pale mlimani. Yeye alikuwa amepiga magoti anaziba tundu.

Alfajiri akalifungua. Mkaa ulijaa ndoo moja na kidogo. Moshi wa jana ulikuwa bado umelala bondeni, umechanganyika na baridi, mapaa ya nyumba yanachomoza humo kama migongo ya viboko, na nguzo za umeme zimepotelea juu. Twalib alikaa chini na manila yake, kipande cha mkaa bado kina uvuguvugu. Akapaka. Akaguna. Akasema mkaa wa mkorosho una matatizo, unakatika ovyo, mstari unaruka, hautulii.

"Utaachaje kufanana na mwenyewe?" Raudha akasema.

Akachora mpaka jua likatoka. Mkate ulikuwa hakuna, akafutia kipande cha andazi langu. Nilipochungulia niliona bonde letu, moshi wetu, mkorosho wenyewe na jeraha lake la tawi. Na mbele kabisa, kando ya kichuguu cha udongo kinachofuka, mtu. Mwanamke amekaa kwenye kibao, ametupa mgongo, kijiti mkononi.

Raudha akaja akasimama nyuma yake. Alitazama muda mrefu.

"Mgongo wangu si mkubwa hivyo," akasema.

"Ndio huo huo," nikamwambia. "Mie nakaa nyuma yako kila siku."

Alipokwenda ndani nilisikia zipu ya begi. Baada ya muda zile kanga zake nikaziona kwenye kamba, zimeanikwa, na zilikuwa hazijafuliwa.

Mtoto ni wa kike, Yasmini. Usiku hapigi kelele, anapiga mateke tu, na kanga haimkai. Picha ile Mwalimu Auleria aliiulizia, akaambiwa hii haitoki. Mkaa wa ndoo Twalib anautumia kwa kuudonoa, lakini anautumia, na kila nikipita namwona anakisia matawi ya mkorosho kwa jicho, lipi litachoka mapema.

Kitovu cha Yasmini kilipokatika Raudha alichimba mwenyewe, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye ule mti wa zamani. Nikashangaa kuona mashimo mawili na miche miwili ya mkorosho.

"Kwani umezaa pacha?" nikamwuliza.

"Huu wa mtoto, hauguswi," akasema. Akashindilia udongo wa ule wa pili kwa kisigino, akainua uso kutazama getini, ambako Twalib alikuwa amekwenda kuangalia nani anabisha hodi, na hakuna aliyebisha. "Na huu wa mkaa wa baba yake."