Papa na Alama Nyekundu

Papa, yaani baba yetu, aliuza vitanda na makabati Agakiriro, soko la samani kule Gisozi, lakini ukiuliza habari zake parokiani kwetu utaambiwa: yule mzee anayesoma somo kwenye Misa ya Kiswahili. Kiswahili alikipata Bujumbura, alikokulia. Alikuwa na sauti nzito, na alisoma taratibu, kama anayemsimulia jirani habari njema. Shati lake la Jumapili Mama alilipiga pasi tangu Ijumaa.

Kisha kiharusi kikampata. Alirudi kutoka hospitalini anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia mzito, na maneno hayatoki. Alielewa kila kitu, lakini akitaka chai ilitoka "cha... cha..." halafu akafunga mdomo, machozi yakimlengalenga. Wageni wakija kumwona, alijifanya amelala.

Jumapili moja tulikuwa tumekaa naye benchi la nyuma. Kwaya ikaanzisha wimbo wa zamani wa komunyo, nami nikasikia sauti pembeni yangu. Papa alikuwa anaimba. Aliimba ubeti mzima bila kukwama popote. Mama alinibana goti hadi likauma.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Papa, umeimba!"

Akataka kunijibu. Ikatoka "ni... ni..." basi.

Nilimsimulia mdogo wangu wa kike, ambaye yuko ng'ambo; kazi yake ni kupiga picha vitabu vya kale katika maktaba moja. Akasema, "Ngoja niwatumie kitu."

Ilikuja picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha Kigiriki, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi mamia ya miaka iliyopita. Ndani yake masomo ya Biblia yalipangwa kwa kufuata siku za kusomwa kanisani. Wino ulikuwa wa kahawia, ila juu na chini ya maneno zilitembea alama ndogo nyekundu, vistari na mikunjo. Tukampigia kwa video, Papa ameshika simu yangu yenye ile picha na Mama ameshika ya kwake.

"Papa, unaona hizo nyekundu?" mdogo wangu akauliza. "Zinamwambia msomaji wapi apandishe sauti na wapi aishushe. Wale hawakusoma kama sisi. Somo waliliimba."

Mama akasogea. "Na hilo neno la kwanza ni nini?"

"Ni 'Ndugu', Mama. Masomo mengi ya barua za mitume humo yanaanza hivyo."

Papa aliikuza picha kwa kidole na kuitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye kalamu zangu za rangi pale mezani. "Nye... nye..."

"Nyekundu?"

"Yego!" Ndiyo, kwa lugha yetu ya nyumbani, na hilo lilitoka zima.

Nikaandika somo la Jumapili iliyofuata kwa herufi kubwa, naye akaweka alama zake mwenyewe kwa mkono ule usiozoea kalamu: kistari cha kupanda, kistari cha kushuka, nukta ya kuvuta pumzi. Mama aliwahi kuimba kwaya, kwa hiyo yeye ndiye aliyemtolea sauti ya kufuata. Wiki nzima jikoni kwetu palikuwa kanisa.

"Hapana, mzee wangu," Mama alimkatiza. "Hapo shuka polepole. Unashuka kama mtu aliyeanguka kwenye ngazi."

Papa akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Padri alikuja nyumbani, akamsikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alisema tu, "Jumapili utasoma, mzee."

Siku hiyo nilimpeleka hadi mimbarini nikarudi kukaa kando ya Mama. Papa akaimba, "Ndugu zangu," na watu waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Alienda vizuri mpaka katikati, kisha akapotea. Kanisa zima likasubiri. Mama, bila kusimama, akavumisha noti moja kwa sauti ya chini. Papa akaweka kidole kwenye karatasi, akaipata alama yake, akaendelea.

Mwishoni aliimba, "Neno la Bwana." Sisi jibu hilo huwa tunalisema tu. Siku ile watu waliliimba, kila mmoja kwa sauti yake, hazikupatana hata kidogo: "Tumshukuru Mungu!" Nililia hadharani na sikujali.

Papa hajapona kabisa. Kusoma anasoma mara mojamoja, na siku nyingine maneno hukataa hata yakiimbwa. Lakini nyumbani siku hizi wageni hawamkuti amelala. Na mezani akitaka chumvi, anaiimba, anaipandisha, anaishusha, anaivuta mpaka apewe.

"Mimi niliolewa na muuza vitanda," Mama humwambia akimsogezea kikopo. "Huyu mwanakwaya aliingia humu lini?"