Kung'oa Pini Usoni

Mume wangu ni mtu wa kuvuka Ruvuma, analeta nguo na vyombo kutoka Mtwara hadi kwetu Palma, na safari moja aliniletea zawadi iliyonichekesha. Kidude cha chuma, urefu wa kidole, kinakunjika kama kisu cha mfukoni. Ukikifungua unakuta mkasi mdogo, ubapa butu wa kufungulia bahasha, bisibisi, rula fupi isiyopima kitu, na mdomo wenye meno mawili ya kung'olea pini za karatasi.

"Wenzangu wanaletewa kanga," nikamwambia, "mimi naletewa kisu kisichokata hata kitunguu."

"Wewe si karani?" akasema. "Mkulima anapewa jembe."

Siku ya tatu nilikuwa siwezi kufanya kazi bila hicho kidude.

Kazi yangu ni katika ofisi ya mtaa, meza mbili na bati linalovuja. Watu waliokimbia vita wamerudi, na hati za wengi ziliungua pamoja na nyumba. Aliyepoteza kitambulisho anakuja kwetu na mashahidi wawili, namwandikia declaração, karatasi inayosema kwamba huyu ni fulani na sisi tunamjua. Naibana picha yake kwa pini pembeni, kisha katibu wa mtaa anagonga mhuri, nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Kwa karatasi hiyo mtu anapita vizuizi vya barabarani. Kama hana, hasa akiwa kijana wa kiume, heri abaki nyumbani, asije akadhaniwa ni muasi.

Kibanio chetu cha ofisi, tunachokiita agrafador, ni kikongwe na kina kichwa kigumu. Unalenga ukingo wa picha, chenyewe kinapiga kinapopenda: shavuni, kwenye paji, siku nyingine mdomoni. Sikuwahi kuliona kuwa ni jambo. Picha ni karatasi, nilikuwa nikisema.

Mdogo wangu wa kiume alitaka kwenda Pemba. Mkewe na binti yao walikimbilia huko kwa wazazi wa mke, na sasa alikuwa ameezeka upya nyumba yake na anawafuata. Nilimwandikia declaração mwenyewe, katibu akagonga mhuri, nikaipeleka nyumbani kwa furaha. Mama akaomba kuiona. Pini ilikuwa imepita katikati ya jicho la kushoto.

"Nani kamtoboa mwanangu jicho?"

Nikacheka. Nikamwambia ni pini tu, mama. Yeye hakucheka. Kwetu kila mtu anajua mwenye husuda hufanya nini na picha ya mtu na sindano, na hata wanaosema hawaamini hawaachi picha zao ovyo.

"Safari haiendi," akasema. "Na karatasi hii haitoki humu ndani."

Mdogo wangu begi lilikuwa tayari mlangoni. "Dada, fanya kitu. Nitazeekea hapa."

Nikafanya. Nikatoa kidude changu, nikapenyeza meno yake chini ya pini, ikatoka taratibu kama mwiba mguuni. Nikaibana picha upya kwenye ukingo mweupe, mbali na uso. Ilisogea kidogo, upana wa punje ya mchele. Mama akaisomea Fatiha, akaipulizia, akampa mwanawe. Nilijiona mtu wa maana sana.

Siku yangu ya kwanza kazini katibu aliniambia, karatasi ikishagongwa mhuri si yako tena, usiiguse. Nililisikia vizuri. Nilidhani anawasema wezi.

Mama naye hana kifua cha siri. Kabla mdogo wangu hajaondoka, akina mama wa mtaa walianza kuniletea karatasi za watoto wao, huyu katobolewa shavu, yule shingo. Mbili alizileta mdogo wangu mwenyewe, kwa kutumwa. Nilizirekebisha zote sita. Waliniombea dua, na mimi dua nazipenda.

Akaondoka alfajiri. Saa sita mchana dereva aliyempakia akanipigia simu: mdogo wako kazuiwa Awasse, kwenye njia panda. Askari ameona duara la mhuri limevunjika. Nusu iliyo kwenye picha haikutani na nusu iliyo kwenye karatasi. Wanasema picha imebadilishwa, na wanataka kujua karatasi ni ya nani na yeye ni nani.

Mhuri nilikuwa nauona kila siku, na sikuwahi kujiuliza kwa nini unakaa nusu kwa nusu. Nilimwendea katibu, nikamweleza ya mdogo wangu. Hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Aliandika barua, akagonga mhuri. "Nenda ukaseme mwenyewe," akasema.

Kesho yake alfajiri nilipata gari la mfanyabiashara mmoja. Pale Mute watu walikuwa wanalima mihogo yao, mtoto mmoja akatupungia mkono, nami nikamkasirikia bure.

Ofisa wa kizuizi alikuwa kijana, rika la mdogo wangu, mpole. Upole wake ulinitisha. Alisoma barua ya katibu, akaniuliza kwa Kireno nilifanyaje. Nikamwonyesha kidude. Akanipa karatasi zake mbili zilizobanwa, akasema onyesha. Pini ikatoka mara moja, bila kuchana kitu.

"Rahisi hivyo," akasema.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, hana viatu wala mkanda, midomo imemkauka. Ofisa alikuwa anakigeuzageuza kidude mkononi.

"Na wengine wangapi umewafanyia hivi?"

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikisema sita, mimi si dada tena aliyemwogopa mama yake, ni mtu wa kughushi karatasi, na yule pale mlangoni ni mwenzangu. Nikasema, "Huyu tu. Ni ndugu yangu."

Mdogo wangu akatazama chini.

Tukaachiwa wote wawili. Kidude kilibaki mezani kwa ofisa, sikukidai. Safari ya Pemba ikaishia hapo, tukarudi nyumbani pamoja.

Nyumbani mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mimi sikukaa. Nilipita nyumba hadi nyumba kuzikusanya zile karatasi, nikisema tu kwamba zina kosa na zitaandikwa upya. Nilipata tano. Ya sita nyumba ilikuwa imefungwa.

Alasiri mwenye nyumba hiyo akaja mwenyewe kwetu. Ni mjane, ana mtoto mmoja. Alikuja na sahani ya vitumbua kutupa pole na hongera.

"Mwanangu," akaniambia, "Mungu akulipe. Wangu naye kaondoka leo asubuhi, anakwenda Montepuez kutafuta kazi. Uso wake safi, hauna tobo. Nimemwachia Mungu."

Gari lake na letu lazima yalipishana njiani. Nilimwomba akae. Nikamwambia yote: mhuri, duara, Awasse, maswali ya ofisa. Nilisema nikimtazama, kwa sababu nilistahili kutazamwa. Akatoa simu kifuani, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena mara tatu, akaiweka mapajani. Hakulia wala hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane.

"Hapo ulipoulizwa wangapi," akasema, "ulimtaja mwanangu?"

"Sikumtaja."

"Ulisema wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Wangu."